Najitoa, Nukta

Ungempa Mwalimu karatasi yoyote, hata kijikaratasi cha maagizo ya dawa, kwanza angetafuta kosa. Kalamu nyekundu ilikaa kwenye mfuko wa shati lake miaka mingi baada ya kustaafu, na kila shati alilokuwa nalo lilikuwa na doa dogo la wino pale kifuani. Kwa hiyo asubuhi ile alipoketi mbele yangu kliniki, nami nikamsogezea fomu ya kurasa kumi na moja ya kukubali kuingia kwenye utafiti wetu, sikushangaa alipoichomoa kalamu. Alisahihisha ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa nne akaweka kalamu chini, akaniangalia juu ya miwani.

"Saba," akasema, "hii imeandikwa na nani?"

Saba ni mimi. Nilikuwa namba saba kwenye rejista ya darasa lake la sita huko Waithaka, na yeye hakuwahi kumwita mtoto jina lake hata siku moja. Alisema majina yana upendeleo, namba hazina. Nikawa muuguzi, nikaolewa, nikazaa, nikaota mvi, bado nikawa Saba tu. Nilimjibu kwamba fomu ilitafsiriwa na wataalamu. Akasema wataalamu hao waletwe wakae dawati la mbele.

Sitasimulia alikozaliwa wala ukoo wake. Hayo yalisomwa siku ya mazishi kule Vihiga, na msomaji alikosea ngeli mara mbili bila mtu wa kumsimamisha, ndipo nikaamini kwamba kweli Mwalimu hayuko. Ila kuna jambo nitalisema mapema, maana najijua, nikianza kumsifu nitajificha nyuma ya sifa. Mwalimu aliniandikia neno moja kuhusu utafiti ule, nami nikalisoma nilivyotaka mimi. Neno hilo likamnyang'anya wiki mbili, na wiki mbili ndizo alizokuwa amebakiza za kuweza kuketi wima. Alikuwa ametaka kitu kimoja tu: asafiri kwenda kwao akiwa kwenye kiti cha mbele cha gari, asimame Chavakali ajinunulie ndizi kwa mkono wake, asalimiane na watu. Alisafiri amelazwa kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya bintiye, na Chavakali walipita amelala.

Utafiti wetu ulikuwa wa saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa. Kuna dawa mbili za dripu ambazo zinajulikana tayari, na kundi moja la wagonjwa liliongezewa tembe ya tatu, mpya, ili tuone kama tatu zikishirikiana zitaizuia saratani kwa muda mrefu kuliko mbili. Nani aingie kundi gani, kompyuta ndiyo iliyopanga. Hakuna aliyeahidiwa kupona. Sentensi hiyo nilimwambia kila mgonjwa kwa mdomo wangu na kila mara niliichukia.

Pale ukurasa wa nne kilichomuudhi Mwalimu ni maneno "bahati nasibu". Fomu ilisema utawekwa kwenye kundi kwa bahati nasibu. Aliniuliza kama naishi Nairobi hii hii au nyingine. Mtu wa hapa akiona bahati nasibu anafikiria simu na mechi za mpira, atasaini upesi halafu aulize zawadi ni nini. Akakata, akaandika kwa wino mwekundu: kompyuta itakupangia kundi, si wewe wala daktari atakayechagua. Pia "majaribio" aliyakata kila mahali, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia kwamba wamama wa kanisa wanaambiana wako kwenye majaribu na wanaombewa yaishe. Kamati ya maadili ya utafiti ilikaa na masahihisho yake wiki kadhaa, mwishowe ikayapitisha karibu yote. Siku nilipompa habari hiyo alijikaza asitabasamu, akashindwa.

Neno moja hakuligusa. Fomu ilisema mgonjwa ana haki ya kujitoa wakati wowote. Nikamwambia, Mwalimu, hilo nalo lina shida. Hapa mjini mtu akisema amejitoa anamaanisha amejitolea, ameingia mzimamzima: amejitoa kwa kanisa, amejitoa kwa watoto wake. Akanikatiza kwa mkono. Hao, akasema, wanataka kusema kujitolea na wamemeza silabi. Neno ni zima, wanaolitumia ndio wagonjwa. Tukacheka wote wawili, na neno likabaki.

Alikuwa mtu wa hivyo, mgumu kwenye karatasi. Lakini ungemkuta nje ya lango lake jioni mapema, akipatana bei ya sukuma wiki na mama wa kibanda, usingemjua. "Hizi ni mbao? Ishirini nzima? Wee, mathe, ongeza kidogo." Vijana wa bodaboda walimpigia kelele za niaje, naye akajibu poa bila kupepesa jicho. Nilimfumania mara moja na nikamsuta, nikasema haki Mwalimu, na vile ulitufinya masikio kwa neno "kitu yangu". Akasema sokoni hakuna mtihani. Kisha akaingia ndani, akafungulia redio, na dakika hiyo hiyo akaanza kumfokea mtangazaji.

Kongosho ilimtesa kwa njia yake. Alilifundisha neno hilo zaidi ya miaka thelathini, kwenye orodha ya viungo vya mwili, kati ya ini na figo, akatupa imla yake kila muhula. Siku daktari alipomwonyesha picha ya skani na kuweka kidole nyuma ya tumbo, Mwalimu alikiri kwamba hakuwahi kujua iko wapi. Alidhani iko chini, karibu na kibofu. Nilimwona amefedheheka zaidi kwa hilo kuliko kwa habari yenyewe. Wiki iliyofuata alikuja na picha aliyoichora mwenyewe, kongosho imelala kwa mlalo nyuma ya tumbo, na akataka nimpe alama. Nilimpa nane juu ya kumi. Akauliza mbili zimeenda wapi.

Na huyo mtu aliyetufundisha kuuliza, aliyemsimamisha mtoto mpaka aulize swali ndipo aketi, hakumuuliza daktari hata kitu kimoja juu yake mwenyewe. Aliuliza tembe inatengenezwa vipi, kwa nini dripu moja ifuate nyingine, nani hulinda majina yetu. Nimebakiza muda gani, hilo hakuuliza. Mimi nilijua anajua. Nilinyamaza, na nikadhani kunyamaza huko ni heshima.

Kemo, yaani zile dripu, ilikuwa Jumanne. Chumba chetu kiko ghorofa ya tatu, viti vinne vikiangalia dirisha, na mgonjwa hukaa hapo masaa mengi akingoja dripu imalizike. Kiti cha pili alikaa mama mmoja wa Kihindi kutoka Kitisuru, mjane, mwanawe ana duka la vitambaa mjini. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni: lete, toa, funga, weka hapa. Miaka sitini Nairobi na hajui namna nyingine ya kusema na mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumjibu ila kwa kuleta na kutoa. Mwalimu alivumilia Jumanne mbili. Ya tatu mama huyo aliponiambia "lete maji", Mwalimu akageuka na waya wake wa dripu, akamwambia kwa upole kwamba neno alilohitaji ni naomba. Nilitamani sakafu inimeze. Mama akamgeukia.

"Mwalimu," akasema, "naomba wewe nyamaza."

Kuanzia hapo wakawa marafiki. Alimletea Mwalimu dhokla, vile vikeki vya unga wa dengu, kwenye kopo, naye Mwalimu akamwandalia zoezi la wiki, vitenzi kumi. Yule mama alikuwa kwenye kundi la dawa mbili, Mwalimu kwenye la dawa tatu, na mara moja aliniuliza kama wanaweza kubadilishana, maana Mwalimu anatapika sana na yeye ana nguvu bado. Nilimweleza kwamba haiwezekani. Akasema kompyuta haina adabu.

Na kweli Mwalimu aliumia. Kutapika alikuzoea, nywele zilipodondoka alisema zimemwondolea kazi ya kinyozi. Kilichomvunja ni mikono. Dawa ile huleta ganzi kwenye vidole, na yake ilianza kwenye ncha, ikapanda. Vifungo vya shati akafungiwa na bintiye. Kikombe kikamponyoka. Jumanne moja, Julai, baridi ile ya Nairobi inayoingia mpaka kwenye mifupa, alichomoa kalamu nyekundu asahihishe zoezi la Mama wa Kitisuru, ikaanguka. Nikaiokota, nikampa, ikaanguka tena. Mara ya tatu aliniambia niiache hapo sakafuni. Sikuiacha, niliirudisha mfukoni mwake, na hakunishukuru.

Bintiye alikuwa mtoto wake wa pekee, mshonaji mapazia, na tangu mama yake azikwe walikuwa wawili tu nyumbani. Yeye ndiye aliyeshikilia utafiti kwa mikono miwili. Alinakili kila kipimo kwenye daftari, alinipigia simu kuuliza kama parachichi linaruhusiwa. Picha ya miezi mitatu ilipoonyesha uvimbe haujapungua lakini haujakua pia, alilia kwa furaha kwenye korido, nami nikalia naye, sitakana. Mwalimu alibaki kitini. Nikamuuliza, Mwalimu, tuendelee? Akasema atafikiri, ataniandikia.

Lazima ujue jinsi Mwalimu alivyoandika ujumbe wa simu. Ulikuwa barua. Ulianza na salamu, ukafuata mwili, ukamalizia na wasalaam, herufi kubwa zote mahali pake. Ule wa Alhamisi haukuwa na salamu. Ulikuwa neno moja na nukta: Najitoa.

Niliupata nikiwa mjini, nimesimama mlangoni mwa duka la dawa, watu wananipiga vikumbo. Nikaruka moyoni. Mwalimu amejitoa! Ameingia mzimamzima, ameamua kupigana. Mimi niliyemweleza kwa kinywa changu neno hilo linavyopotoshwa, mimi Saba, nikalisoma kwa upotofu ule ule. Ufupi wake haukunishtua, nilijua vidole vyake vimekufa ganzi na kila herufi ni kazi. Nikamjibu: Asante sana Mwalimu, Mungu ni mwema, tukutane Jumanne. Kisha nikampigia bintiye nikampasha. Sikumpigia mwenyewe. Nimejiuliza mara nyingi mbona sikumpigia mwenyewe, na jibu ni kwamba nilikuwa tayari nimepata nilichotaka kusikia.

Jumanne alikuja. Bintiye alikuwa ameshona blanketi jipya la miguu, na alimwambia Mama wa Kitisuru kwa sauti ya kusikika chumba kizima kwamba baba amejitoa kabisa. Alikuwa anacheka. Mwalimu alinitazama kwa muda, kama alivyokuwa akimtazama mtoto aliye mbele ya ubao na chaki mkononi. Nikamuuliza kama yuko tayari. Akasema, "Leo wewe ndiye mwalimu." Nikaona ni utani, nikacheka, nikatafuta mshipa. Kabla ya kila dripu kuna swali ambalo lazima niulize kwa mdomo na kuweka alama: je, bado unakubali kuendelea? Niliweka alama bila kuuliza. Ujumbe wake ulikuwa mfukoni mwangu, ya nini kumchosha mzee. Baadaye nilipomweleza daktari mkuu ukweli wote aliandika kwamba yalikuwa makosa ya mawasiliano. Mwalimu angelikata hilo kwa nyekundu, aandike kosa la nani.

Dripu ile ilimwangusha. Jumanne iliyofuata ilikuwa ya kupumzika dawa, sikumwona. Siku ya kumi na moja bintiye alinipigia, sauti imekauka, akasema baba hainuki na anamtaka Saba, na Saba aje na fomu.

Nilifika Jumamosi kabla ya saa sita. Nyumba yao ni ya mawe, ya zamani, madaftari ya wanafunzi waliokwisha kuwa mababu yamepangwa mpaka karibu na dari. Walikuwa wamemsogezea kitanda dirishani. Alikuwa amepungua hivi kwamba nilitazama blanketi kwanza kabla sijamwona yeye. Bintiye akatoka kwenda kuchemsha maji, na nadhani alitumwa mapema atoke.

Mwalimu akaniambia nitoe simu, nisome ujumbe wake kwa sauti.

"Najitoa," nikasoma.

"Maana yake?"

Nilikuwa na miaka kumi na miwili tena, ila safari hii nilijua jibu, na lilikuwa baya kuliko kutojua.

"Kuacha," nikasema. "Kutoka."

"Sasa mbona uliniwekea sindano?"

Nilipiga magoti kando ya kitanda nikalia kama mtoto, nikamwomba msamaha kwa maneno ambayo siyakumbuki. Aliningoja nimalize. Nikamuuliza mbona hakusema siku ile, mbona aliunyosha mkono. Akasema, taratibu, akipumzika kati ya maneno, kwamba aliningoja nimuulize. Fomu inasema ataulizwa kila mara, sentensi hiyo ameisahihisha mwenyewe, alijua itakuja. Alipanga kujibu hapo, mbele ya wote, liishe. Halafu mtoto wake alikuwa anacheka. Hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu msiba. Swali lilipokosa kuja, yeye hakupata nguvu ya kujibu bila kuulizwa.

"Nilitaka kusafiri nikiwa nimeketi," akasema. "Nilihesabu siku zangu, Saba, zilikuwa zinatosha."

Nikamvutia blanketi mpaka mabegani.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini alama sikupi."

Tukakaa. Nje mtu alikuwa anapigilia mabati, anaacha, anaanza tena. Mwalimu alikuwa amefumba macho nikadhani amelala, kumbe alikuwa anapanga maneno. Akasema nusu ya kosa ni lake. Niliwahi kumwambia kuhusu neno hilo na akalikataa kwa kiburi, akataka watu wagonjwa wazungumze kama kamusi. Nusu hiyo anaichukua. Sasa nifungue ukurasa wa nne. Kalamu iko kwenye shati, shati liko msumarini.

Niliichukua. Nilitaka kumpa, akatikisa kichwa.

"Imla," akasema.

Nikakaa kwenye kigoda, fomu magotini, kama tulivyokuwa tukikaa. Akatamka polepole, mara mbili kila kipande, jinsi alivyofanya siku zote ili hata mtoto wa dawati la nyuma asiachwe: una haki, una haki, ya kuacha, ya kuacha, wakati wowote, nukta. Nikaandika juu ya neno la zamani, kwa wino mwekundu. Akaniambia nisome, nikasoma. Hakukuta kosa.

"Sasa niulize."

Nikafungua karatasi ya mahudhurio, nikaiweka juu ya fomu.

"Mwalimu, unataka kuendelea na dawa, au unataka kuacha?"

Aligeuza uso akaniangalia vizuri, bila miwani.

"Kuacha," akasema. "Nukta."

Nikaandika neno lake, nikaweka nukta.